Bunda ya Ayeeyo Osob

Maisha yake yote Ayeeyo Osob, yaani Bibi Osob kwa Kisomali, hakuwahi kutamka p. Hakuwa na haja nayo. Kisomali hakina herufi hiyo, na Kiswahili alijifunzia sokoni Garissa, kati ya wauza nyanya na wauza mkaa, akachukua kinachobebeka na kukiacha kisichobebeka. Pole aliiita bole, pesa akaiita besa, na alipowaombea dua majirani wa bara alisema, "Mungu atubeleke beboni." Mswahili akisikia hivyo hudhani bibi anaomba abelekwe mgongoni kama mtoto mchanga. Mimi sioni ubaya wa dua hiyo, na nadhani hata Mungu aliielewa.

Ngeli nazo zilimchosha mapema. Kwake kila kitu kilichoumbwa kilikuwa "ya": mtoto ya Salah, mbuzi ya jirani, msikiti ya mtaa. Watu walimcheka kidogo, yeye akacheka nao, na biashara yake ya kuuza maji kwa mkokoteni wa punda ikaendelea vizuri tu, maana kiu haina sarufi. Nawaambia haya mapema msije mkanilaumu baadaye kwamba niliwaficha. Balaa lote lililoiingia nyumba yake alipokufa lilitokana na herufi moja aliyoikosa na hilo neno dogo "ya".

Nyumba yenyewe iko Bulla Iftin, ya mabati, vyumba viwili na ua. Humo aliishi na Batula, mjane wa mwanawe Salah, pamoja na wajukuu wawili, Weris na mdogo wake. Ayeeyo alipougua na kulala kitandani, Batula ndiye aliyeshika kamba ya punda, akateka maji na kuyauza mtaani, akirudi kila mara kumgeuza mgonjwa. Na Ijumaa, kama Ayeeyo alivyozoea tangu punda wake wa kwanza, safari ya kwanza ilikwenda msikitini kujaza mapipa ya kutawadhia. Bure. Kwa ajili ya Mungu. Waumini walitawadha, wakasali, wakaenda zao, na ni wachache waliojiuliza maji yale yanatoka wapi.

* * *

Jumanne asubuhi, katika wodi ya wanawake ya hospitali kubwa ya mji, Ayeeyo Osob alifumbua macho akaona hana mtu wake. Batula alikuwa amekesha naye, akatoka kidogo kwenda kuwapa watoto chai na kuleta uji. Abdinoor, mwanawe wa kwanza, afisa wa kaunti, alikuwa kwenye semina katika hoteli moja ya hapo hapo mjini. Semina yenyewe, Mungu anisamehe, ilihusu haki za wazee, na simu alikuwa ameizima kwa heshima ya mtoa mada. Ruqiya, bintiye, alikuwa Nairobi, dukani kwake Eastleigh. Aliyekuwapo ni sista Mwikali, msichana wa Mwingi aliyehamishiwa Garissa mwezi huo huo, mpole, mchapakazi, na mwenye masikio ambayo bado hayajauzoea mji.

Ayeeyo alijua ameitwa, na hakuogopa kwenda. Alilokuwa nalo moyoni lilikuwa jambo moja. Dini yake aliijua: mjukuu aliyefiwa na baba hapati urithi ami yake akiwa hai. Nyumba itakuwa ya Abdinoor na Ruqiya. Watoto wa Salah hawatabaki na kitu, isipokuwa yeye aseme neno sasa, kwa wasia.

"Sista," akamshika mkono. "Mimi nakwenda. Ambia Abdinoor. Bunda ni ya Batula. Abdinoor asichukue. Ruqiya asichukue. Watoto itakula nini?"

"Sawa mama. Nitamwambia bunda ni la Batula."

"Ya Batula," Ayeeyo akasahihisha, akiona msichana wa watu hajui Kiswahili vizuri.

"Haya. Ya Batula."

Bibi akaridhika. Akageuza uso upande wa kibla, akatoa shahada. Kiarabu nacho hakina p, kwa hiyo shahada ilitoka safi.

* * *

"Pole sana," sista Mwikali alimwambia Abdinoor kwenye korido. "Mama alitaja jina lako. Aliacha maneno."

Abdinoor alikuwa analia, na alilia kweli, tusimwonee. "Maneno gani?"

"Alisema bunda ni ya Batula. Wewe usichukue, na Ruqiya asichukue. Akauliza watoto watakula nini."

Machozi yakakatika. "Punda?"

Hapa jamaa alikuwa amefika kabisa! Alikuwa ameshika mlango wa ukweli kwa mkono wake mwenyewe. Lakini Abdinoor ana historia na hiyo p. Tangu aajiriwe ofisini aliitafuta kama mtu anayetafuta ngamia aliyepotea, na alipoipata akaimwaga kila mahali, hata pasipo pake. Alisema "pajeti" na "penki", na siku moja mkutanoni alimsifu marehemu "papa" yake hadi wageni wa pwani wakadhani anasifu samaki. Alipojisikia amesema "punda" alijua amekosea tena mbele ya mtu wa bara, akaona haya, akajisahihisha haraka.

"Yaani, bunda?"

"Ndiyo, bunda. Nilisikia kwa masikio yangu, nikamrudia naye akaitikia."

"Bunda la nini?"

"Mimi sijui. Kwetu bunda ni la noti, ama la miraa. Na mama sidhani alikuwa mtu wa miraa."

Kama maneno yale angeyapata kinywani mwa mamake, asingeuliza mara mbili. Hata mtoto mdogo wa Bulla Iftin asingeuliza. Neno lilipotea kwa sababu lilipita kwenye mdomo unaojua tofauti ya p na b. Na Ayeeyo angesema "wa" ingejulikana ni mnyama, angesema "la" ingejulikana ni noti. Yeye alisema "ya", kama alivyosema kwa viumbe vyote. Abdinoor akashuka ngazi za hospitali akiwa na msiba upande mmoja wa kichwa na bunda la noti upande wa pili. Msiba ulikuwa mzito zaidi, lakini bunda ndilo lililokuwa linasogea.

* * *

Walimzika siku ile ile alasiri, kama inavyotakiwa. Wanaume wakakaa nje chini ya turubai la kukodi, wanawake wakajaa ndani, chai ya maziwa ikapikwa kwa sufuria kubwa, na kila aliyeingia alikuwa na la kusimulia. Mmoja alisema Ayeeyo alimlea mwanawe wakati wa njaa. Mwingine akasema hajawahi kumsikia akimsema mtu vibaya, hata mkwe. Watu wa msikitini wakataja maji ya Ijumaa, wakasema, "Mungu amjaalie mto peponi," na wote wakaitikia amina.

Ruqiya alifika kwa basi la jioni, amelia njia nzima, sauti imekwisha. Kaka yake akamvuta pembeni nyuma ya choo, akampa habari. Walisema Kisomali, ndugu kwa ndugu, na katika Kisomali neno bunda halikuwa na kazi. Abdinoor alisema tu pesa. Hooyo, yaani mama, ameacha pesa, pesa ziko kwa Batula, tusichukue. Kuanzia hapo neno la Ayeeyo likafa mara ya pili, wakabaki na tafsiri.

"Kiasi gani?" Ruqiya akauliza, na sauti ikarudi.

"Bunda zima. Sista amesikia."

"Subhanallah. Na mimi nilikuwa namtumia hela ya dawa!"

"Mara ngapi?"

"Abdinoor, leo si siku ya kuhesabiana. Batula yuko wapi?"

Batula alikuwa jikoni akiosha vikombe vya wageni. Ruqiya alimkumbatia, akamlilia begani, kisha akamwambia kwa upole wa mtu anayepima kitambaa, "Batula, dada yangu, ile amana ya hooyo. Ilete tu tuione. Hatutakula."

"Amana gani?"

"Pesa."

"Pesa gani, Ruqiya? Hata sabuni ya kumwoshea nimekopa kwa jirani."

"Haya. Umechoka. Tutaongea kesho."

Kesho yake waliongea kwa mikono. Ruqiya na binamu zake walifungua sanduku la marehemu, wakakung'uta shuka moja moja, wakachungulia ndani ya kibuyu cha samli, wakapekua hata msala wake wa kusalia kama kuna mahali palipotobolewa na kushonwa. Sanduku la Batula nalo likamwagwa chini mbele ya wageni, nguo zake za ndani juu ya jamvi, na mwanamke mmoja aliyekuja kutoa pole akageuza uso pembeni akajifanya anasoma tasbihi. Walipomaliza wakalishika godoro. Wakalipindua, wakalipasua kwa kisu cha jikoni, sponji ikatapakaa chumba kizima.

Batula alikuwa amesimama mlangoni, mtoto mgongoni. Alikuwa amenyamaza asubuhi yote, lakini hapo ulimi ulimtoka.

"Miezi hii yote Ayeeyo alikuwa na vidonda mgongoni," akasema. "Nilimwita kila mtu aje anisaidie kumgeuza. Godoro hilo nimelipindua peke yangu, mchana na usiku. Leo mko wangapi!"

Ruqiya aliona aibu kidogo, nayo ikageuka hasira, kama aibu ya watu wengi inavyofanya.

"Basi tuapie," akasema. "Shika Msahafu, useme hukuachiwa pesa."

Batula akaenda kutawadha, akarudi, akaweka mkono juu ya Msahafu, akaapa. Weris, ambaye ana miaka tisa, alitazama mama yake akiapishwa kama mwizi wa soko.

"Umeona?" Ruqiya akawaambia binamu zake walipotoka. "Ameapa bila kutetemeka. Huyo amezoea."

* * *

Punda wakati huo alikuwa amefungwa uani, hana kazi, na huzuni yake aliitoa kwa sauti. Jumatano alilia katikati ya Yasini. Alilia tena wakubwa wa Abdinoor waliposhuka kwenye gari la serikali na viatu vyao vya kung'aa, wakaja kutoa rambirambi. Walitoa bahasha nene, michango ya ofisi nzima, nao watu wengine wakaongeza zao, ndiyo desturi. Abdinoor akazitoa noti kwenye bahasha, akazifunga kwa mpira mwekundu, akazitia mfuko wa ndani wa kizibao. Yeye ndiye mkubwa wa nyumba, nani angemuuliza?

"Mkubwa," mmoja wa wale wageni akamtania, "kumbe bado mnafuga?"

Abdinoor akacheka, lakini lilimchoma. Wageni walipoondoka akamwita Yarrow, muuza maji mwenye mikokoteni mitatu ambaye siku zote aliimezea mate njia ya Ayeeyo. Yarrow akamzunguka punda, akamfungua mdomo, akatikisa kichwa kwa masikitiko ya kibiashara.

"Amezeeka, walaal, ndugu yangu. Lakini kwa heshima ya marehemu, nitamchukua. Na mkokoteni na mitungi, tufanye elfu kumi na mbili."

Batula aliposikia mnyororo wa lango alitoka mbio, mikono ina unga.

"Abdinoor, unampeleka wapi? Huyo ndiye chakula cha watoto!"

"Msiba una gharama, Batula. Wali, mbuzi, turubai. Unadhani vinaanguka kutoka mbinguni?"

"Uza mabati ya jikoni. Uza kitanda changu. Punda mwache."

Abdinoor akamtazama kwa mshangao wa kweli. "Mwanamke mwenye pesa yote ile," akasema, "anamlilia punda wa nini?"

Yarrow akavuta kamba. Punda aligoma kidogo langoni, akapigwa fimbo, akaenda.

* * *

Alhamisi waliitwa kwa Sheikh Abdihafid, imamu wa msikiti wao, mzee mwenye ndevu za hina na subira ya kutosha mitaa miwili. Abdinoor akaeleza kesi kwa kirefu. Sheikh akasikiliza huku akichokonoa meno.

"Batula si mrithi," akasema mwishowe. "Kwa hiyo wasia kwake unafaa, usipozidi thuluthi ya mali. Ayeeyo hakukosea kitu."

"Ndiyo tunayosema, sheikh," Ruqiya akadakia kutoka nyuma ya pazia. "Azilete zihesabiwe. Thuluthi yake apewe, zinazozidi ni zetu. Hatudhulumu mtu."

"Batula, unazo?"

"Sina, sheikh. Wallahi sina na sijaziona."

Sheikh akaacha kuchokonoa meno. Alimjua Ayeeyo kwa maji, hakumjua kwa pesa. Mwanamke anayekwenda na viatu vya mpira vilivyoshonwa kwa waya hana sura ya bunda. Lakini sista wa hospitali hana sababu ya kusema uongo, na maneno ya maiti hayachezewi.

"Nipeni mpaka kesho," akasema. "Baada ya sala ya Ijumaa tutasoma khitma ya marehemu. Atakayekuwa na amana ya mtu airudishe kabla ya dua."

"Na asiporudisha," Abdinoor akamwambia Batula njiani, bila kumtazama, "nyumba ile ni yetu sisi. Una kaka yako Masalani. Jumamosi kuna gari."

Hivyo ndivyo mambo yalivyokuwa. Batula alirudi akakunja nguo za watoto, zile zile zilizomwagwa, akazitia kwenye mfuko wa nailoni. Kwa kaka yake Masalani kulikuwa na watoto saba na wifi asiyempenda. Na jina la mwizi lingefika kabla yake, maana habari za namna hiyo hazilipi nauli.

* * *

Ijumaa sista Mwikali alikuwa na mapumziko. Alikuwa amemkumbuka yule bibi siku zote hizo, akanunua sukari kilo mbili, akauliza njia, akafika Bulla Iftin wanaume wakiwa wameshakwenda msikitini. Wanawake walimkaribisha. Batula akamletea chai.

"Wewe ndiye Batula?" sista akamwuliza, akamshika mkono. "Mama alikutaja wewe mwisho kabisa. Alikupenda sana."

"Alisema nini?" Batula akauliza. Msiba mzima hakuna aliyemwambia maneno yenyewe. Walimwambia pesa tu.

"Alisema, bunda ni ya Batula. Watoto itakula nini. Nikataka kumsahihisha, nikasema la Batula, akanikatalia katakata, akasema ya Batula."

Kikombe cha Batula kilisimama hewani.

"Sema tena hilo la kwanza."

"Bunda."

"Bunda," Batula akarudia taratibu, na safari hii neno lilitoka kama lilivyozaliwa. Akaanza kucheka. Alicheka mpaka akakaa chini, kanga mdomoni, machozi yakimtoka, na wanawake wakatazamana wakisema msiba umempanda kichwani. Kisha akasimama, akajifunga mtandio.

"Sista, nisaidie jambo moja. Twende msikitini."

"Anakimbia!" Ruqiya akapiga kelele, akavaa viatu vya mtu mwingine, akawafuata.

* * *

Msikitini kulikuwa na fujo ya namna yake. Watu walikuwa wengi kuliko Ijumaa nyingine, kwa sababu ya khitma ya Ayeeyo Osob, na wakubwa wa ofisi ya Abdinoor walikuwamo. Wote walikuwa nje, wamekunja mikono ya kanzu, wamevua viatu, na mapipa yalikuwa makavu. Bomba la mtaa lilikauka tangu juzi.

"Maji ya Ijumaa huleta nani?" mmoja wa wakubwa akauliza.

"Ayeeyo Osob," wakajibu wengi pamoja.

"Yule tunayemsomea khitma?"

"Huyo huyo."

Abdinoor akajifanya anatafuta soksi.

Ndipo Yarrow akatokea kona ya barabara, juu ya mkokoteni uliojaa mitungi ya maji, anakwenda hotelini kwa wateja wake. Watu husema shukrani ya punda ni mateke. Huyu hakupiga teke hata moja. Alipofika lango la msikiti alisimama tu. Ilikuwa Ijumaa, na Ijumaa maji hushushwa hapa. Hakuna aliyemwambia kwamba mamake Abdinoor amekufa. Yarrow akamchapa, akamtukana, akavuta kamba mpaka akateleza. Punda akatikisa masikio.

"Mshushie maji, war, wewe! Anajua kazi yake kuliko wewe," mtu akasema, na wengine wakaanza kucheka.

Katikati ya kicheko hicho wakafika wanawake watatu: Batula mbele, sista Mwikali nyuma yake akihema, Ruqiya wa mwisho na viatu visivyomtosha. Sheikh Abdihafid akatoka langoni.

"Sheikh," Batula akasema kwa sauti iliyosikika mpaka ndani, "ulisema amana irudishwe kabla ya dua. Huyu ndiye sista aliyemsikia Ayeeyo. Mwulizeni maneno yenyewe, msimwulize maana."

"Sema, binti."

Sista aliona haya, kanzu zote zile zikimtazama. "Mama alisema," akaanza, "bunda ni ya Batula."

Msikiti mzima ukamgeukia punda.

Hakuna aliyeambiwa ageuke. Vichwa vilikwenda vyenyewe, vya wazee, vya wachuuzi, hata vya wakubwa wa ofisi. Sista Mwikali akawatazama, akamtazama mnyama, akawatazama tena.

"Lakini huyu," akasema, "huyu si ni punda?"

"Ndiyo," wakamjibu kwa pamoja. "Bunda!"

Basi kicheko kilicholipuka hapo sijapata kusikia mfano wake mahali pa ibada. Watu waliegemeana. Sista alifunika uso kwa mikono yake, masikini, akisema "Jamani, mimi nilijuaje?" na wazee wakamwambia hana kosa, kosa ni la wenye mama. Ruqiya alisimama na viatu vyake vya kuazima, mdomo wazi, labda akilikumbuka godoro. Abdinoor hakucheka. Damu ilikuwa imemwondoka usoni, kwa sababu yeye peke yake alikumbuka kwamba pale kwenye korido, mara ya kwanza kabisa, alilitamka sawasawa: punda.

"Yarrow," sheikh akaita watu walipotulia. "Umenunua mali ya mayatima."

"Mimi nimeuziwa, sheikh! Nimetoa pesa yangu. Nirudishiwe elfu ishirini."

"Ulinunua kumi na mbili," Batula akasema.

"Nimemlisha."

"Siku mbili?"

"Anakula sana."

"Mlipe, Abdinoor," sheikh akasema. "Bei ya haraka ina adabu yake. Na maji haya yamefika kwao. Maji ya Ijumaa hayauzwi."

Abdinoor akaingiza mkono kwenye kizibao, mbele ya watu wote, kwa kuwa hakuwa na pengine pa kutoa. Mkono ukatoka na bunda, nene, limefungwa kwa mpira mwekundu. Akamhesabia Yarrow elfu ishirini zake, akapewa kamba ya punda, na bunda likabaki nene.

"Abdinoor," Ruqiya akasema, akisogea. "Hilo bunda limetoka wapi?"

"Ni rambirambi tu. Za ofisini, na za watu."

"Za nani?" sheikh akauliza.

Abdinoor akautazama mpira mwekundu. "Za hooyo."

Sheikh Abdihafid akazikuna ndevu zake za hina. "Vyema," akasema. "Wasia hautimii mpaka aliyeachiwa neno alifikishe kwa mwenyewe, mbele ya mashahidi. Neno lenyewe, usiongeze, usipunguze. Sema alivyosema mama yako."

Abdinoor alisimama na kamba ya punda mkono wa kulia na noti mkono wa kushoto. Alifungua mdomo kusema kwa Kiswahili chake cha ofisini, na p zake zote zikamkimbia. Sauti iliyotoka ilikuwa ya nyumbani, ya yule mwanamke aliyemlea, na alipoisikia akaanza kulia kama alivyolia hospitalini kabla hajaambiwa la bunda.

"Bunda ni ya Batula," akasema. "Abdinoor asichukue. Ruqiya asichukue. Watoto itakula nini?"

"Mashahidi, mmesikia?"

"Tumesikia!"

Sheikh akachukua kamba kutoka mkono wa kulia, akachukua bunda kutoka mkono wa kushoto, akampa Batula vyote viwili.

Abdinoor akataka kueleza ni bunda ipi kati ya hizo mbili aliyoikusudia. Akawatazama watu, watu wakamtazama. Akafunga mdomo.

Batula alizitia noti kifuani, chini ya mtandio, bila kuzihesabu. Hakumwambia shemeji yake neno. Alimgusa punda shingoni, akamsogeza hatua chache mpaka kwenye mapipa, akaanza kushusha mitungi, mmoja baada ya mwingine, bure, kwa ajili ya Mungu, kama Ijumaa zote. Waumini wakapanga foleni. Abdinoor akajipanga nao, wa mwisho kabisa, mikono ya kanzu imekunjwa, akingoja zamu yake ya maji.